Kadi Imepata Kumi, Kijana Bado Hajapata Namba

Mwaka 2020 ligi za chini za besiboli nchini Marekani hazikuchezwa kabisa. Korona ilifunga viwanja, na tarehe 30 Juni msimu mzima ukafutwa rasmi. Jasson Domínguez, kijana wa miaka 17 kutoka Jamhuri ya Dominika, alikuwa amesajiliwa na New York Yankees mwaka mmoja nyuma kwa dola milioni 5.1, lakini hakuwa amegusa hata mechi moja ya kulipwa. Takwimu zake zilikuwa sifuri. Hakuna aliyejua kama angeweza kuupiga mpira unaopinda ukitoka mkononi mwa mtu mzima. Hata hivyo, mwaka huohuo kadi zake ziligombewa kuliko za wachezaji wengi waliokwisha kuvaa pete za ubingwa, na ile ya pekee kabisa, yenye saini yake, baadaye ikafika kuuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Msimu ulipofutwa, bei haikushuka. Ilipanda.

Ukilielewa hilo, umeshaelewa zaidi ya nusu ya soko la kadi za chipukizi. Kijana asiyecheza hawezi kukosea. Hajapigwa mtihani, hajaumia, hajapelekwa benchi. Soko hili hupenda kujieleza kama soko la vipaji, na wanaolipigia debe hujiita wawekezaji, lakini mimi naliona ni ulanguzi wa muda: kinachonunuliwa na kuuzwa ni kile kipindi kati ya siku jina linaposikika na siku kijana anapokutana na warushaji wa ligi kuu. Ile namba kumi iliyobandikwa juu ya kasha la plastiki haipunguzi hatari hiyo hata chembe, ingawa kwa mnunuzi huonekana kama cheti cha usalama.

Kwa asiyeufahamu mchezo huu, maelezo kidogo. Kampuni ya Topps ina chapa iitwayo Bowman, jina la zamani lililoanza kutoa kadi za besiboli mwaka 1948, likanunuliwa na Topps 1956 na kufufuliwa 1989. Leo Bowman ndiyo mlango wa kuingilia. Kabla mchezaji hajafika ligi kuu, wakati mwingine miaka minne au mitano kabla, Bowman humtolea kadi yake ya kwanza yenye alama ndogo ya “1st” pembeni ya nembo. Kadi hiyo huchapishwa kwa karatasi ya kung’aa iitwayo Chrome, na zile zenye saini hutoka kwa rangi mbalimbali, kila rangi na idadi yake: bluu 150, kijani 99, dhahabu 50, chungwa 25, nyekundu tano. Juu ya zote ipo Superfractor, yenye mandhari ya dhahabu inayozunguka kama kimbunga, na hiyo ni moja tu duniani.

Mnunuzi akishaipata kadi huituma kwa kampuni ya upimaji. PSA, iliyoanzishwa 1991, ndiyo kubwa kuliko zote. Wapo pia Beckett, SGC na CGC. Mpimaji huitazama kadi chini ya taa na lenzi, huipa alama kutoka moja hadi kumi, kisha huifungia ndani ya kasha la plastiki ngumu lisilofunguka bila kuvunjwa, lenye lebo na namba ya usajili. Tangu hapo kadi haiguswi tena na kidole. Haiuzwi kwa kutazamwa, inauzwa kwa lebo.

Hebu tusogee karibu na hicho kipimo, maana ndipo pesa inapojificha. Kuna mambo manne: kona, kingo, uso wa kadi, na picha kukaa katikati. Kwa PSA, kadi ya kumi inatakiwa pambizo za mbele zisipishane zaidi ya uwiano wa 55 kwa 45, tofauti ambayo jicho la kawaida halitaiona bila kupimia. Kadi za Chrome zina maradhi yake. Hujikunja zikikutana na unyevu, hutoka kiwandani na vijistari vyembamba vya mtambo wa kuchapia, na uso wake unaweza kuwa na kishimo kidogo kama kilichochomwa kwa ncha ya sindano. Hakuna lolote kati ya hayo linalohusiana na aliyechorwa humo. Kijana anaweza kuwa hodari kama nini, kadi yake ikawa ya nane kwa sababu mashine ilikuwa na vumbi asubuhi ile.

Sasa tupige hesabu, kwa namba za mfano tu. Umenunua kadi mbichi, yaani isiyopimwa, kwa dola 60. Upimaji, bima na usafiri wa kwenda na kurudi ukatumia 35. Umeshatoa 95. Ikirudi kumi, soko linakulipa 200. Ikirudi tisa, 80. Ikirudi nane, 45. Mtandao wa mauzo kama eBay unakata takribani asilimia 13, kwa hiyo mkononi unabaki na 174, au kama 70, au 39. Ikiwa nusu ya kadi zako hupata kumi na nyingi zilizobaki hupata tisa, kwa wastani unapata faida ya dola ishirini na kitu kwa kila kadi. Ikiwa kumi zako ni tatu katika kila kadi kumi, faida hiyo inakuwa dola tatu, na hapo hujalipia muda wako, wala miezi ambayo pesa ilikaa imefungwa. Mtu mmoja akiwa na jicho zuri la kuchagua kadi safi na mwingine hana, wa kwanza anapata riziki na wa pili anachangia harambee asiyoijua. Na bado hatujasema neno kuhusu kijana mwenyewe kucheza vizuri au vibaya!

Ndiyo maana nasema kwamba wengi wanaodhani wanabashiri besiboli kwa kweli wanabashiri ubora wa uchapishaji.

Lakini kasoro kubwa zaidi ya namba kumi ni nyingine. Kumi ina thamani kwa sababu ni adimu, na uadimu wake unategemea ni watu wangapi wameona faida kupeleka kadi ipimwe. Chipukizi asiyejulikana ana kadi za kumi chache kwa sababu hakuna anayejisumbua kulipia upimaji wa kadi ya dola tatu. Siku anapoanza kutajwa, kila mwenye kadi yake droo­ni anaikumbuka. Kadi zinamiminika kwa wapimaji, na baada ya miezi michache daftari la PSA linaloonyesha idadi ya kila alama linasoma namba mpya kabisa. Kwa hiyo mafanikio yaleyale uliyoyasubiri ndiyo yanayozalisha washindani wako. Aliyenunua kumi ya rangi ya kawaida akijipongeza kwamba zipo arobaini tu duniani, ajue ziko arobaini kwa sababu hakuna aliyetaka ya arobaini na moja.

Mfano mkubwa wa jambo hili ni kadi maarufu kuliko zote za kizazi cha wazazi wa hawa vijana: Ken Griffey Jr., namba 1 katika toleo la kwanza kabisa la kampuni ya Upper Deck, mwaka 1989. Griffey alifanya yote ambayo mlanguzi angeweza kuomba. Alikuwa chaguo la kwanza la drafti ya 1987, yaani ile zamu ya klabu kuchagua vijana wapya, akawa nyota wa Seattle, na 2016 akaingia kwenye Ukumbi wa Heshima kwa asilimia 99.3 ya kura. Kadi yake iliyopewa kumi na PSA ina thamani, ndiyo, lakini zipo zaidi ya 4,000. Ubashiri ulikuwa sahihi kwa kila hali na bado mlima wa nakala ukakaa juu ya bei. Enzi ile viwanda vilichapa kadi bila kipimo, na watu wengi walijaza masanduku wakidhani wanawawekea watoto ada ya chuo kikuu.

Linganisha na Mike Trout, nyota wa Los Angeles Angels. Agosti 2020 kadi yake ya Bowman Chrome ya mwaka 2009, Superfractor yenye saini, iliuzwa mnadani kwa dola milioni 3.936, bei ambayo wakati ule haikuwahi kulipwa kwa kadi yoyote ya michezo. Alama yake kutoka Beckett ilikuwa tisa, siyo kumi. Hakuna aliyejali, kwa sababu hakuna nyingine. Kipimo kina nguvu pale nakala zinapokuwa nyingi na wauzaji wanahitaji namna ya kuzitenganisha. Nakala ikiwa moja, lebo ni pambo. Mtu wa kawaida hana uwezo wa kununua moja ya moja, kwa hiyo anasukumwa kwenye kadi za kawaida, kule kule ambako kumi inahubiriwa kwa sauti kubwa na inalinda kidogo kuliko kwingine kote.

Nikiwa hapo kwa Trout, tuitazame ile drafti ya 2009, maana inafundisha kuliko hesabu zangu. Chaguo la kwanza lilikuwa Stephen Strasburg, mrushaji wa San Diego State, aliyechukuliwa na Washington Nationals. Trout alikuwa wa 25. Aliyetajwa kabla yake, wa 24, alikuwa Randal Grichuk, na klabu iliyomchagua Grichuk ilikuwa hiyohiyo Los Angeles Angels iliyomchukua Trout dakika chache baadaye. Yaani watu waliompenda Trout kuliko wote duniani, waliotuma maskauti wao hadi Millville, New Jersey, kumwangalia akicheza kwenye baridi, walipopewa kalamu waliandika kwanza jina lingine. Grichuk alifika ligi kuu na kucheza miaka mingi, si haba. Lakini kama wenye maskauti, madaktari na rekodi zote waliwaweka wawili hao kwa mpangilio huo, mimi na wewe wenye simu na kadi ya benki tunajua nini?

Strasburg ndiye anayeonyesha saa ya soko inavyogonga. Mei 2010, kabla hajarusha mpira hata mmoja ligi kuu, kadi yake moja ya Superfractor iliuzwa eBay kwa zaidi ya dola 16,000. Tarehe 8 Juni akaingia uwanjani dhidi ya Pittsburgh Pirates na kuwatoa wapigaji 14 kwa straiki bila kumpa yeyote beisi ya bure. Sidhani kama kumewahi kuwa na mrushaji aliyetimiza ahadi kwa haraka namna hiyo. Miezi mitatu baadaye alikuwa mezani kwa daktari kufanyiwa upasuaji wa kano ya kiwiko, ule unaoitwa Tommy John. Akarudi, akawa mrushaji mzuri, 2019 akawa mchezaji bora wa fainali za World Series na kusaini mkataba wa dola milioni 245. Kwa mizani yoyote ya maisha huyo alifanikiwa. Kwa mizani ya kadi, aliyenunua majira ya joto ya 2010 alinunua kileleni, kwa sababu bei ile ilikuwa imeshakula mafanikio yote na ya ziada. Haikuacha nafasi ya kiwiko.

Hapa ndipo wachambuzi wengi wa kadi wanapopotosha wasomaji. Wanauliza: je, kijana huyu atakuwa mzuri? Swali lenye pesa ni: je, atakuwa mzuri kuliko bei inavyosema sasa hivi? Kwa chipukizi wa kiwango cha juu bei huwa inasema atakuwa gwiji, na magwiji ni wachache. Katika wote wanaochaguliwa kwenye drafti na kusaini, wanaofika ligi kuu hata kwa siku moja ni chini ya mmoja kati ya watano. Wa raundi ya kwanza wana nafuu, karibu theluthi mbili hufika, lakini kufika si kudumu, na kudumu si kuwa jina ambalo mtu wa Ohio atalipia dola elfu tano. Mark Appel alikuwa chaguo la kwanza mwaka 2013. Alistaafu, akarudi, akaja kucheza mechi yake ya kwanza ligi kuu Juni 2022 akiwa na miaka 30. Katika drafti hiyohiyo, Aaron Judge, aliyekuja kuwa nyota wa Yankees, alikuwa wa 32. Albert Pujols, mmoja wa wapigaji wakubwa wa enzi yake, alichaguliwa raundi ya 13 mwaka 1999, na miaka miwili tu baadaye kadi yake ya Bowman Chrome yenye saini, zikiwa 500 tu, ilikuwa inatafutwa kama dawa.

Warushaji ni kisa cha peke yake. Mkono unaorusha mpira kwa kasi ya maili 100 kwa saa umekaa ukingoni mwa uwezo wa kano zake, na walanguzi wazoefu huwakwepa kwa sababu hiyo. Mtu atanitajia Paul Skenes: chaguo la kwanza 2023, ligi kuu Mei 2024, tuzo ya chipukizi bora mwaka huohuo, na kadi iliyouzwa dola milioni 1.11 Machi 2025. Sawa, lakini kadi ile haikuwa ya chipukizi kwa maana tunayoizungumza. Ilibandikwa kiraka kilichotoka kwenye jezi aliyoivaa siku ya mechi yake ya kwanza ligi kuu, ilikuwa moja tu, na aliyeipata ni mtoto wa miaka 11 wa Los Angeles aliyefungua pakiti ya zawadi ya Krismasi. Pirates, klabu ya Skenes, walimwahidi mtoto huyo tiketi za msimu kwa miaka 30 wakiitaka. Hakukuwa na ubashiri wowote hapo. Kulikuwa na bahati ya mtoto.

Wapo pia wasiovunjika mkono wala kushuka kiwango, na bado wakaanguka. Wander Franco wa Tampa Bay Rays alitajwa kuwa chipukizi namba moja wa besiboli yote, akapanda ligi kuu Juni 2021, na Novemba mwaka huo akapewa mkataba wa miaka 11 wa dola milioni 182. Agosti 2023 aliwekwa pembeni wakati madai ya uhusiano na binti mwenye umri mdogo yakichunguzwa nchini kwao Dominika, na hakuvaa tena jezi ya Rays uwanjani. Kadi zake zilizoporomoka zilikuwa na kumi zilezile kwenye lebo. Kona kali, kingo safi, picha katikati.

Sasa tuwatazame wanaokula bila kubashiri. Januari 2022 kampuni ya Fanatics iliinunua Topps, baada ya kuwa imeshainyang’anya haki ya kutumia nembo za ligi kuu kwa miaka ijayo. Fanatics hiyohiyo ina mtandao wake wa mnada na jukwaa la kufungua pakiti mubashara mbele ya kamera. Upande wa upimaji, kampuni mama ya PSA ilichukuliwa mwaka 2021 na kundi la wawekezaji ambalo ndani yake mlikuwa na kampuni ya Steve Cohen, mmiliki wa New York Mets. Februari 2024 kampuni mama hiyo ikainunua SGC pia. Sisemi kuna njama. Nasema tu kwamba mchapaji analipwa kijana akifaulu au akifeli, mpimaji analipwa kadi ikipata kumi au sita, na mnada unalipwa pande zote mbili zikikubaliana. Katika mnyororo mzima anayebeba mashaka ya kiwiko cha kijana ni mtu mmoja, yule wa mwisho kununua.

Nguvu ya wapimaji ilionekana wazi Machi 2021. Kadi zilikuwa zimefurika kiasi kwamba PSA ilisimamisha kupokea kazi za huduma zake za kawaida. Uongozi wake ulieleza kuwa kadi zilizoingia kwa siku tatu zilizidi zilizoingia kwa miezi mitatu iliyotangulia. Fikiria mlanguzi aliyetuma kadi za chipukizi wake anapotajwa sana, zikarudi baada ya mwaka kijana ameshapoteza namba. Aliyekwama ghalani hakukosea kuhusu mchezo. Foleni ndiyo iliyomla.

Na kuhusu ile imani kwamba kasha huondoa ujanja, historia yenyewe ina kejeli. Kadi ya kwanza kupewa namba ya usajili na PSA ilikuwa ya Honus Wagner, ya seti ya T206 ya mwaka 1909 hadi 1911, wakati huo ikimilikiwa na mchezaji wa hoki Wayne Gretzky na mwenzake Bruce McNall. Ilipewa nane, ikawa ndiyo sura ya tasnia nzima. Mwaka 2013 mfanyabiashara Bill Mastro, akiwa mahakamani kwa makosa ya udanganyifu, alikiri kwamba aliikata kingo kadi hiyo kabla haijafika kwa wapimaji. Bado ni kadi ya mamilioni. Watu walishailipa sana kiasi kwamba hakuna mwenye haraka ya kuukabili ukweli wake.

Nimewaacha wachezaji hadi sasa kwa sababu soko lenyewe huwaacha. Kijana hulipwa kwa kuweka saini kwenye kadi, basi. Kadi yake ikiuzwa mara kumi baada ya hapo, ikipanda kutoka dola 100 hadi 10,000, hapati senti. Kabla ya mkataba wa kwanza wa pamoja wa wachezaji wa ligi za chini mwaka 2023, wa ngazi ya Single-A alikuwa akipata takribani dola 11,000 kwa mwaka. Mkataba ukampandisha hadi 26,200. Kwa hiyo ilikuwa jambo la kawaida kabisa kijana kulala chumba kimoja na wenzake wanne, akila mikate ya siagi ya karanga, huku kadi moja yenye saini yake ikiuzwa kwa mshahara wake wa mwaka.

Kuna waliogundua kwamba mtu mwenyewe ni bidhaa bora kuliko picha yake. Kampuni ya Big League Advance, iliyoanzishwa na mrushaji wa zamani Michael Schwimer, huwapa vijana wa ligi za chini fedha taslimu mapema, nao huahidi sehemu ya mapato yao ya ligi kuu, wasipofika, hawadaiwi. Fernando Tatis Jr. alisaini akiwa bado hajulikani, kisha Februari 2021 akapata mkataba wa dola milioni 340 na San Diego Padres, na 2025 akaipeleka kampuni hiyo mahakamani. Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wangeutambua mpango huo bila kufafanuliwa: ni kangomba, pesa ya haraka msimu wa njaa kwa mavuno ambayo bado yako juu ya mti. Lakini ukiweka maadili pembeni kidogo, yule mwenye mkataba ana dai la kisheria juu ya kipato cha Tatis. Mwenye kadi yake hana haki juu ya chochote. Hana gawio, hana riba, hana sehemu ya jezi. Ana karatasi na tumaini la kumpata mwenye tumaini kubwa zaidi.

Jambo hili halituhusu sana huku kwetu, isipokuwa kwa ndugu zetu wanaoishi Marekani, ambao maduka ya kadi wanapishana nayo kila siku, na kwa Uganda. Mwaka 2012 vijana wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza Little League World Series, mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, kule Williamsport, na 2022 Los Angeles Dodgers waliwasajili warushaji wawili Waganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Afrika Kusini ilishatangulia: Gift Ngoepe alicheza ligi kuu akiwa na Pittsburgh tarehe 26 Aprili 2017, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Siku akitokea Mganda mwenye mkono wa maili 100 na kadi yenye ile alama ya “1st”, nina hakika tutaona watu wa nyumbani wakiinunua kwa uzalendo, na hilo halina ubaya wowote, mradi wailipie kwa bei ya uzalendo.

Wapo wanaopata faida kwenye biashara hii, na sitaki kujifanya hawapo. Ninavyowaona wana tabia tatu zinazowatenga na umati. Hununua kabla jina halijaingia kwenye orodha za chipukizi mia bora, wakati kadi ni ya dola chache na kosa ni dogo. Huuza kijana anapotangazwa kupanda ligi kuu, siku ambayo kila mtu anataka kununua, bila kungoja waone kama atafaulu. Na hupendelea kadi zenye idadi iliyochapwa juu yake, 50 au 25, kwa sababu hiyo haiwezi kuongezeka hata upimaji ukifurika. Kumi kwao ni nyongeza. Sura ya kazi hiyo ni ya mchuuzi anayejua mzigo wake, na haina uhusiano mkubwa na ndoto ya kumshika Trout mwingine hadi milioni nne.

Nami nikilazimishwa kuchagua wakati wa kununua, ningechagua ule ambao hakuna anayeupigia debe. Trout alipanda ligi kuu Julai 2011, akacheza mechi 40 na kumaliza msimu na wastani wa .220, yaani alifaulu kama mara 22 katika kila majaribio 100. Macho ya walanguzi yalikuwa yamehamia kwa Bryce Harper, chaguo la kwanza la 2010, ambaye kadi zake za Bowman za 2011 zilikuwa gumzo la mwaka. Aliyenunua kadi za Trout majira yale ya baridi alikuwa akimnunua kijana wa miaka 20 aliyekwisha kufika, mwenye takwimu mbaya za miezi michache na nzuri za miaka yote iliyotangulia, katika soko lililokuwa limempa mgongo.